Kioo Cheusi Siku Mbili Kabla ya Kukabidhi Kazi: Kisa cha Draiva ya Michoro kwenye Linux

Mhusika wa kisa hiki nitamwita Mhariri. Nimeondoa jina lake, mahali anapofanyia kazi na lolote linaloweza kumtambulisha. Kampuni iliyotengeneza kadi yake ya michoro nayo siitaji, maana makosa mengi hapa ni yake na yangu, si ya kampuni. Mimi niliingia kama rafiki anayeitwa mambo yakiharibika, si fundi wa kulipwa, na hilo linaeleza baadhi ya maamuzi niliyofanya.

Usuli

Mhariri hutengeneza video za mafunzo. Hurekodi kwa simu, huhariri kwenye kompyuta ya mezani yenye skrini mbili, na vichwa vya video, yale maandishi yanayozunguka na kung'aa mwanzoni, huvitengeneza kwa Blender, programu ya michoro ya 3D. Kompyuta yake ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 7, RAM ya GB 16, na kadi ya michoro ya kujitegemea aliyoiongeza baadaye. Umri wa mashine ndio uliomleta Linux, mfumo endeshi huria unaoweza kuchukua nafasi ya Windows. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yake haimo kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Mashine ilikuwa nzima, haina tatizo lolote, ila ilikuwa imeambiwa imezeeka.

Alisakinisha mwenyewe distro (mkusanyiko wa Linux ulio tayari kutumika) ya familia ya Ubuntu 24.04 LTS yenye mazingira ya eneo-kazi ya Cinnamon na kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya toleo la 6.8. Secure Boot, kinga inayokataa programu zisizo na saini wakati kompyuta inawaka, ilikuwa imewashwa na aliiacha hivyo. LibreOffice ilifungua nyaraka zake za zamani. GIMP, ya kuhariri picha, ilimkera siku moja kwa menyu zake, kisha akaizoea. Kdenlive, ya kuhariri video, na Blender alizichukua kama Flatpak, yaani vifurushi vinavyobeba mahitaji yao ndani. Hilo la Flatpak laonekana dogo sasa, lakini litarudi.

Kadi yake ina draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha kadi) za aina mbili kwenye Linux. Ya kwanza ni huria: imo ndani ya kerneli yenyewe, ikishirikiana na Mesa, mradi wa programu za michoro ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Hii hufanya kazi tangu dakika ya kwanza bila kuulizwa. Ya pili ni ya kampuni, na hukaa nje ya kerneli. Linux haiahidi kwamba milango yake ya ndani itabaki vilevile kutoka toleo moja hadi jingine, kwa hiyo moduli (kipande cha programu kinachopakiwa ndani ya kerneli) yoyote iliyo nje ya kerneli lazima ijengwe upya kila kerneli inapobadilika, hata kama kilichobadilika ni namba ya mwisho tu. Kazi hiyo ya kujenga upya hufanywa na DKMS, chombo kilichozaliwa Dell mwaka 2003. DKMS ikiwa inajua habari za draiva yako, hutasikia lolote. Isipojua, utasikia.

Kilichotokea

Siku ya 4 tangu kusakinisha, Mhariri alifungua mradi wa dakika kumi na nne kwenye Kdenlive na video ikawa inakatakata. Alibonyeza cheza, picha ikaenda sekunde mbili, ikaganda, sauti ikatangulia. Akauliza mtandaoni. Jibu lilikuwa maneno mawili: weka draiva.

Akafungua kidirisha cha draiva cha distro, akachagua ile iliyopendekezwa. Katikati ya usakinishaji aliombwa atunge nywila kwa ajili ya Secure Boot. Akaitunga bila kujua ni ya nini, akawasha upya, na simu ikaita. Alipogeuka alikuta skrini ya bluu yenye maandishi ya Kiingereza inahesabu sekunde kurudi nyuma kutoka kumi, nayo ikapotea kabla hajaisoma.

Skrini ile ndiyo iliyokuwa kiungo cha mambo yote. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli ya distro hii haikubali moduli isiyo na saini inayotambulika. Moduli iliyojengwa na DKMS hutiwa saini kwa ufunguo uliotengenezwa papo hapo kwenye mashine, na ufunguo huo lazima mwenye mashine auidhinishe kwa mkono, akiwa ameketi mbele ya kibodi. Skrini ya bluu ndipo mahali pa kuidhinisha. Usipobonyeza kitu ndani ya sekunde kumi, kompyuta inaendelea kuwaka kama kawaida, na ombi limekufa.

Ilipowaka, skrini moja ilikuwa imezimika na nyingine ina picha kubwa kubwa za 1024 kwa 768. Cinnamon ilitoa ujumbe kwamba inaendeshwa bila msaada wa kadi ya michoro. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba kifurushi cha draiva ya kampuni kilikuwa kimeizuia draiva huria isipande, na draiva ya kampuni yenyewe ikakataliwa mlangoni kwa kukosa idhini. Kadi ikabaki haina wa kuiendesha. Kama angeandika amri ya kuipakia ile moduli, angejibiwa `Key was rejected by service`, na pengine tungemaliza siku hiyo hiyo. Hakuijua amri hiyo, na hakuna aliyemwambia.

Siku ya 5 alipata video ya mtu anayeeleza kwa kujiamini sana. Hatua zilikuwa mbili: zima Secure Boot kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), kisha pakua kisakinishi kutoka tovuti ya kampuni ukiendeshe kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Alifuata zote mbili kwa mkupuo mmoja. Inauma kidogo kuliandika hili: angezima Secure Boot na kuwasha upya tu, draiva ya distro iliyokuwa imeshawekwa ingepanda yenyewe. Hatua ya pili haikuhitajika hata kidogo.

Kisakinishi kilimwonya kwamba kuna draiva nyingine iliyowekwa kwa njia ya distro. Akaendelea. Kikamuuliza kama kisajili moduli kwenye DKMS. Akajibu hapana, kwa kuwa hakujua DKMS ni nini na hapana ilionekana jibu la tahadhari. Kikamuuliza kama kiandike faili ya usanidi wa skrini. Akajibu ndiyo. Alipowasha upya, skrini zote mbili zilikuwa safi. Akafurahi, akaendelea na kazi kwa wiki tatu.

Siku ya 26 Meneja wa Masasisho alileta kerneli mpya, bado ni 6.8, imebadilika namba ya mwisho. Siku ya 28 ilikuwa ya kukabidhi video. Usiku nikapokea ujumbe wa sauti: "Kaka, kioo cheusi. Kuna alama ya kuandikia tu inapepesa kwenye kona. Kazi yangu yote imo humo."

Maamuzi ya usiku ule

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutotengeneza chochote. Nilimuuliza swali moja tu: "Dada, ulifanya masasisho leo?" Alipojibu ndiyo, nikajua tuna mlango wa nyuma. Distro za familia hii haziifuti kerneli ya zamani zinapoleta mpya, huiacha kwenye menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha.

Kuifikia menyu hiyo kwa simu, mmoja akielekeza na mwingine akibonyeza, si jambo jepesi. Kwenye mashine za UEFI, mrithi wa BIOS, unabonyeza Esc baada tu ya nembo ya mtengenezaji. Alibonyeza mara nyingi kwa wasiwasi, akatua kwenye neno `grub>` na alama ya kuandikia inamsubiri aandike kitu. Ni jambo la kawaida, Esc ya pili hukutupa huko. Tukazima, tukawasha, safari hii akabonyeza mara moja. Akaenda kwenye chaguo za ziada, akachagua kerneli ya pili kwenye orodha. Skrini zote mbili zikawaka.

Nikamwomba afanye mambo mawili kabla ya kitu kingine chochote: anakili folda nzima ya mradi kwenye diski ya nje, na asimguse Meneja wa Masasisho mpaka akabidhi. Alikuwa anataka tumalize yote usiku ule, na mimi nilikuwa nawashwa kujua chanzo. Lakini mashine inayowaka siku mbili kabla ya kukabidhi ni mashine ya kuachwa. Akakabidhi kwa wakati.

Kutafuta chanzo

Siku ya 29 nilikaa mbele ya mashine. Nikaiwasha kwa makusudi kwenye kerneli mpya, ile inayoleta kioo cheusi, nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Watu wengi wakiona kioo cheusi huhisi kompyuta imekufa. Mara nyingi iko hai, kilichokufa ni upande wa picha tu. Ilinipa mahali pa kuandika jina na nywila, nikaingia.

`uname -r` ilithibitisha ni kerneli mpya. `dkms status` ilionyesha draiva ya kampuni imejengwa kwa kerneli hiyo bila tatizo, jambo lililonishangaza, kwa sababu nilitarajia kukuta haijajengwa. Nikasoma kumbukumbu za kerneli kwa `journalctl -b -k` na hapo pakawa na mstari ulioeleza kila kitu: `API mismatch`. Moduli ndani ya kerneli ilikuwa ya toleo moja, na maktaba (programu saidizi) zinazoitumia zilikuwa za toleo jingine.

Draiva za kampuni zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Ya distro ya Siku ya 4 haikuondolewa kamwe. Kisakinishi cha Siku ya 5 kilikuja na toleo jipya zaidi, kikaondoa moduli ya distro kwenye kerneli iliyokuwa inatumika siku hiyo na kuweka ya kwake. Kerneli mpya ilipokuja, DKMS ikafanya kazi yake kwa uaminifu: ikajenga moduli pekee inayoijua, yaani ile ya zamani ya distro. Maktaba zikabaki mpya. Ndoa hiyo haikuwezekana, na picha ikakataa kutoka.

Maamuzi ya ukarabati

Njia zilikuwa tatu. Kubaki na kerneli ya zamani daima niliikataa mara moja, maana ni kujinyima viraka vya usalama. Kusakinisha distro upya ilikuwa njia safi: saa moja hivi, pamoja na muda wa kurudisha programu na mipangilio. Kusafisha kwa mkono ilikuwa njia ya tatu, na ndiyo niliyoichagua. Sababu niliyompa Mhariri ni kwamba tungejifunza kitu. Sababu ya kweli, pamoja na hiyo, ni ukaidi. Nikajiwekea mpaka wa saa mbili. Zikipita, tunasakinisha upya bila mjadala.

Kabla ya kuanza nilitaka nakala ya mfumo kwa Timeshift. Programu hiyo ilikuwemo tangu mwanzo lakini haikuwahi kuwashwa. Diski ya nje ilikuwa ya exFAT, na Timeshift haikubali kuweka nakala hapo kwa sababu inahitaji mfumo wa faili wa Linux. Nikaiweka kwenye diski ya ndani. Nakala inayokaa diski moja na kitu inachokilinda haikusaidii diski ikifa, ila kwa makosa ya mikono yangu ilitosha.

Nikaendesha amri ya kujiondoa iliyoachwa na kisakinishi, kisha nikaondoa vifurushi vya distro kwa `apt purge`. Nia ilikuwa kurudi kwenye draiva huria tupu, mahali panapojulikana, halafu ndipo tuamue. Nikawasha upya.

Kioo cheusi.

Dakika arobaini zilizofuata sijivunii. Nilichomoa waya wa skrini nikauchomeka tundu jingine. Nikashuku kadi. Nikashuku waya. Nilikuwa nimetoka kumweleza Mhariri, kwa sauti ya mwalimu, kwamba mashine huandika inachoumwa, na mimi mwenyewe sikwenda kusoma. Nilipoenda mwishowe kwenye `/var/log/Xorg.0.log`, mstari wa mwisho ulisema `no screens found`, na mistari michache juu yake ilionyesha X, programu inayoonyesha picha kwenye skrini, ikitafuta draiva ya kampuni ambayo nilikuwa nimeiondoa. Ilikuwa inatii `/etc/X11/xorg.conf`, faili ambayo Mhariri aliikubali Siku ya 5 kwa kujibu ndiyo. Distro za leo hazihitaji faili hiyo. Zinatambua kadi zenyewe. Ikiwepo, hufuatwa neno kwa neno.

Nikaibadilisha jina badala ya kuifuta. Kwenye `/etc/modprobe.d/` nikakuta pia faili iliyokuwa inaendelea kuizuia draiva huria, nikaiondoa, nikatengeneza upya initramfs, faili ya kuanzia inayopakiwa pamoja na kerneli, nikawasha. Skrini mbili, rangi sawa, kerneli mpya. `lspci -k` ikaonyesha kadi inaendeshwa na draiva huria.

Jaribio ambalo lingefanywa Siku ya 4

Hapo nilimwomba Mhariri afungue ule mradi wa dakika kumi na nne na acheze. Ulikatakata. Nikamuuliza: ulipokuwa na draiva ya kampuni, ulikuwa unacheza vizuri? Akafikiri. Akasema madirisha yalikuwa yanasogea laini zaidi, lakini video, kusema kweli, ilikuwa vilevile. Alizoea.

Nikafungua `htop`, programu inayoonyesha mzigo wa prosesa, kwenye skrini ya pili huku video ikicheza ya kwanza. Mistari yote ya prosesa ilijaa hadi mwisho, asilimia mia, na ilibaki hapo. Kdenlive hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kupitia MLT, injini yake ya kuchakata video, na MLT kwa mpangilio wa kawaida hutegemea prosesa: kufungua fremu, kuchanganya tabaka, kuweka athari. Klipu zake zilikuwa za 4K za simu kwa usimbaji wa HEVC, ambao unabana vizuri lakini kuufungua ni kazi nzito kwa prosesa ya umri ule. Juu ya hapo, kasi ya fremu haikuwa thabiti. Simu hupunguza na kuongeza fremu kulingana na mwanga na joto, na ndiyo sababu sauti ilikuwa inatangulia.

Kdenlive ilikuwa imemwambia. Kila alipoingiza klipu, ilitokea arifa kwamba kasi ya fremu inabadilikabadilika, pamoja na kitufe cha kuigeuza iwe umbo rahisi kuhariri. Alikuwa anaifunga kila mara, kama tunavyofunga sote.

Tukageuza klipu, tukawasha proksi kwenye mipangilio ya mradi. Proksi ni nakala ndogo nyepesi ambazo programu huzitumia unapohariri, kisha hurudi kwenye klipu kamili unapotoa video ya mwisho. Kuzitengeneza kulichukua muda wa kuongea habari nyingine. Kisha akabonyeza cheza. Video ikaenda mwanzo hadi mwisho, na sauti mahali pake. Kwa draiva huria, bila kugusa kadi.

Mhariri alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo wiki zote nne..." na hakumalizia. Nilikuwa na hesabu hiyo hiyo kichwani.

Kwa nini draiva ya kampuni ilirudi hata hivyo

Hadithi ingekuwa tamu zaidi kama ingeishia kwenye draiva huria. Lakini kuna Blender. Cycles, injini yake ya kutoa picha, inaweza kutumia kadi kwa hesabu, na kwa kadi ya Mhariri hilo linahitaji draiva ya kampuni. Tulipima kwa kichwa kimoja cha video: kwa prosesa, fremu moja ilichukua karibu dakika mbili, kwa kadi, baadaye, haikufika sekunde ishirini. Kwa mtu anayetoa mamia ya fremu, hiyo ni tofauti ya kulala na kukesha. Tukairudisha, sasa kwa sababu inayojulikana.

Kwanza tukawasha Secure Boot tena. Mhariri aliuliza kama ni lazima, na si lazima. Kompyuta inaishi bila hiyo. Ila sikupenda ibaki imezimwa kwa sababu tu video ya mtu ilisema hivyo. Kisha tukaweka draiva kupitia distro peke yake. Nywila ilipoombwa tukaiandika kwenye karatasi, herufi tupu bila alama wala namba, kwa sababu skrini ya bluu husoma kibodi kwa mpangilio wa Marekani na alama huhama vitufe. Tukawasha upya, na safari hii kidole chake kilikuwa juu ya kibodi. Akabonyeza, akachagua `Enroll MOK` (sajili ufunguo wa mwenye mashine), akakubali, akaandika nywila, akawasha upya. `mokutil --sb-state` ilijibu Secure Boot imewashwa, na draiva ikapanda.

Kisha Blender ikafunguka na kuzungusha mchemraba mmoja ikawa kama kusukuma gari lililozima. Uso wa Mhariri nilioujua Siku ya 29 asubuhi ukarudi. Hapa ndipo Flatpak iliporejea: programu ya Flatpak haitumii maktaba za michoro za mfumo wako. Inabeba za kwake, na kwa draiva ya kampuni maktaba hizo lazima zilingane na moduli ya kerneli namba kwa namba. Zisipolingana, programu hurudi kimyakimya kwenye llvmpipe, yaani prosesa inachora kila kitu badala ya kadi. `flatpak update` ilishusha maktaba za toleo sahihi, Blender ikafungwa ikafunguliwa, mchemraba ukazunguka. Jumla ya muda wote wa ukarabati: saa moja na dakika hamsini. Mpaka wangu ulikuwa umebakiza dakika kumi.

Matokeo

Miezi mitatu imepita. Kerneli imebadilika mara kadhaa na DKMS imejenga moduli kila mara. Mara moja draiva ilisasishwa na Blender ikawa nzito. Mhariri aliendesha `flatpak update` mwenyewe na kunitumia ujumbe baada ya kumaliza, si kabla. Timeshift inaweka nakala kila wiki kwenye diski ya pili iliyopangwa kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux. Proksi amezifanya ziwe za kawaida kwa kila mradi.

Uchambuzi

Kosa lililobeba mengine yote ni ushauri wa maneno mawili. Hakuna aliyemuuliza Mhariri kompyuta inafanya nini wakati video inakatakata. `htop` ingejibu kwa sekunde tano: prosesa imejaa, kwa hiyo tatizo liko kwenye kazi aliyopewa prosesa. Wanaojibu maswali ya Linux, nami nikiwemo, tuna tabia ya kusikia neno video na kukimbilia kadi ya michoro. Kdenlive na Blender zote zinashughulika na picha, lakini mzigo wao hauangukii mahali pamoja, na draiva ileile ilikuwa haina faida kwa moja na ni ya lazima kwa nyingine.

Kosa la Siku ya 5 lilikuwa kubadilisha vitu viwili kwa pamoja. Ilipofanya kazi, hakujua kipi kilisaidia, kwa hiyo hakujua kipi cha kuondoa. Simlaumu sana. Maelekezo aliyoyafuata yaliandikwa na mtu aliyejua kuweka tu. Hayakuwa na mstari hata mmoja wa kueleza namna ya kutoka. Maswali ya kisakinishi nayo yalimtega: jibu lililoonekana la tahadhari lilikuwa hatari, na lililoonekana la msaada liliacha faili iliyonigharimu dakika arobaini.

Skrini ya bluu inastahili lawama yake. Ni hatua moja tu ya usalama ambayo lazima ifanywe na binadamu, na imewekewa sekunde kumi kwa lugha ya wahandisi, baada ya kuwasha upya, wakati ambao watu wengi huinuka kitini. Distro zingeweza kueleza kabla ya kuwasha, kwa picha, kwamba utaiona skrini ya namna hii na ubonyeze hiki.

Lililofanya kazi vizuri kuliko yote ni kerneli ya zamani kubaki kwenye menyu. Bila hiyo, kukabidhi kazi kungeshindikana na mimi ningekuwa natengeneza usiku kwa haraka, hali ambayo ningeharibu zaidi. Kutenganisha usiku wa kukabidhi na siku ya kukarabati kulisaidia kwa sababu hiyo hiyo. Kujiwekea mpaka wa saa mbili pia, ingawa nakiri kwamba kama zingepita sina hakika ningelitii.

Ukarabati wa mkono ulikuwa uamuzi wa wastani. Kusakinisha upya kungemfikisha Mhariri mahali palepale kwa muda uleule, pasipo kioo cheusi cha pili. Ila tungesakinisha upya, tungeweka draiva ya kampuni tena siku hiyo hiyo kwa imani kwamba ndiyo dawa ya Kdenlive, na video ingeendelea kukatakata. Tuliufikia ukweli kwa sababu kwa nusu saa tulikuwa kwenye draiva huria tupu na mradi wazi mbele yetu. Hilo sikulipanga.

Limebaki jambo moja. Kompyuta ikilala na kuamshwa, skrini ya pili mara nyingine hubaki nyeusi mpaka uizime na kuiwasha kwa kitufe chake. Mhariri ameizuia kompyuta isilale kabisa. Nilimwambia tunaweza kulitafuta. Akaniuliza kama kuna kazi ya kukabidhi inayolisubiri. Hakuna. Tumeliacha.